Shajara ya mradi: kupiga rangi upya Toyota Succeed ya mawese, Gungu, Kigoma

Gari ni Toyota Succeed, rangi ya fedha yenye metaliki (chembe za alumini), namba ya rangi 1E7 kwenye kibati kilicho ndani ya boneti. Kazi yake ya kila siku ni madumu ya mawese kutoka Mwandiga na magunia ya dagaa kutoka Kibirizi, pamoja na safari kadhaa za chumvi ya Uvinza. Mafuta, maji na chumvi vimekutana kwenye bati moja, na karibu kila uamuzi katika shajara hii unatoka hapo.

Kinachofanyika: nje yote na fremu za milango, kwa rangi ileile. Mwenye gari alianza kwa kutaka nyeusi. Nyeusi ingedai kufungua gari hadi ndani ya boneti na kila pembe inayoonekana mlango ukifunguliwa, na kwa kuwa rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, kadi nayo ingelazimika kubadilishwa TRA. Isitoshe nyeusi huonyesha kila wimbi la bati. Fedha inasamehe wimbi, haimsamehe mshika bunduki ya rangi. Tumebaki na fedha.

Msimu ni Julai, kiangazi. Hewa ni kavu, ila vumbi jekundu lipo kila mahali. Gereji ina paa na kuta tatu za mabati, haina tanuri ya kuokea rangi. Kwa gereji ya namna hii tusingekubali kazi ya metaliki wakati wa masika.

Siku ya 1. Ukaguzi

Gari lilizungukwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa sumaku iliyofungwa kitambaa laini: pale inapong'ang'ania bati liko karibu, pale inapoteleza kuna puti nene (rojo gumu la kuzibia mabonde). Iliteleza kwenye madigadi ya nyuma kulia, eneo la viganja viwili.

Mara ya pili kwa kitambaa chenye thina (kiyeyushi) ya duko, rangi inayokauka kwa hewa bila kuokwa, kikisuguliwa sehemu moja kwa nusu dakika. Rangi ya kiwandani imeokwa, haitoi kitu. Mlango wa nyuma kushoto ulilainika na kunata, kitambaa kikabeba fedha. Maana yake uliwahi kupigwa duko. Hili ni la kujua siku ya kwanza, kwa sababu thina iliyomo kwenye praima (rangi ya msingi) na laka (tabaka angavu la juu) za 2K, yaani zinazochanganywa na hadina ya kuzigandisha, hupenya duko na kulivimbisha, nalo likikunjamana linafanana na utando wa maziwa yaliyochemka. Likishakunjamana, dawa ni kukwangua upya hadi chini. Mlango huo umeandikiwa kuvuliwa rangi yote.

Kutu: ukingo wa chini wa mlango wa buti, urefu wa sentimita 30; upinde wa tairi la nyuma kulia, chini ya ile puti; sakafu ya buti chini ya zulia, matundu mawili ya ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Ya sakafuni ni ya chumvi. Zulia lilishika unyevu wenye chumvi na halikuwahi kukauka.

Siku ya 2. Kuosha

Siku nzima imeisha kwenye kuosha, na ilistahili.

Mawese huganda na kuyeyuka karibu na nyuzi 35 za Selsiasi. Asubuhi ya Julai yameganda juu ya bati kama nta, na maji baridi na sabuni hupita juu yake. Tumetumia maji ya moto, ya kiasi ambacho mkono wenye glavu unavumilia, na sabuni ya maji ya vyombo isiyo na vilainisho vya ngozi. Gari limeoshwa mara tatu, ya mwisho kwa maji matupu. Maungio ya mlango wa buti, raba na mfereji wa maji wa paa vimesuguliwa kwa mswaki.

Baada ya kukauka ikaja dawa ya kuondoa mafuta na nta. Inatumika kwa vitambaa viwili vya pamba nyeupe: cha kwanza kimelowa dawa na kinapaka eneo la nusu mita, cha pili ni kikavu na kinafuta kabla dawa haijakauka yenyewe. Ikikauka yenyewe mafuta yamerudi palepale, yametandazwa tu kwa upana zaidi. Vitambaa hugeuzwa kila mara na kutupwa vikichafuka. Petroli haifai kwa kazi hii ingawa wengi huitumia, kwa sababu huacha mabaki yake ya mafuta. Mafuta ya taa ni mabaya zaidi.

Kwa nini kabla ya msasa? Msasa kwenye bati lenye mafuta haupunguzi mafuta, unayashindilia ndani ya mikwaruzo, na kutoka humo ni kazi.

Kipimo cha mwisho ni kumwaga maji safi kwenye paneli. Yakibaki yametanda kama karatasi, pako safi. Yakijikusanya matone, osha tena. Mlango wa buti ulifaulu mara ya nne. Tukauandika umefaulu. (Tazama siku ya 10.)

Siku ya 3. Kuvua

Taa zote, bampa mbili, vitasa, vioo vya pembeni, raba za nje za madirisha, wipa za mbele na nyuma, nembo na namba za gari. Kila kundi la skrubu limewekwa kwenye mfuko wake na jina la mahali. Kuzungushia tepu kitasa kisichotolewa ni kuipa laka ukingo wa kuanzia kubanduka, kwa hiyo kilichoweza kutoka kimetoka. Kioo cha mbele kimebaki; raba yake imeinuliwa kwa kamba nyembamba iliyopitishwa chini ya mdomo wake ili rangi iingie ndani kidogo.

Kifuniko cha tangi la mafuta kimefungashwa na kupelekwa Mwanza kwa basi, rangi ichanganywe kwa namba ya 1E7 kisha ilinganishwe nacho. Namba peke yake haitoshi. Rangi moja ya kiwandani huwa na vivuli kadhaa, na gari lililokaa juani miaka mingi limeshasogea kutoka pale lilipoanzia.

Siku ya 4 hadi 6. Kutu

Betri imetolewa kabla ya kuchomelea. Bati bovu limekatwa hadi kwenye chuma cheupe, sentimita 2 zaidi ya kutu inayoonekana, maana kutu huwa imeshatangulia chini ya rangi. Kiraka ni bati la milimita 0.8, sawa na unene wa bodi. Limechomelewa kwa nukta moja moja zilizoachana sentimita 3 hivi, ukiruka upande huu na upande ule, ukiacha bati lipoe. Fundi anayevuta mstari mmoja mrefu anapata bati lililojikunja, kisha anaficha mawimbi kwa puti. Ndivyo ilivyokuwa kwenye madigadi ya kulia: puti ya zamani ilikuwa na unene wa milimita 11, na chini yake kutu ikiendelea kula kwa raha zake.

Vishimo vya kutu visivyofika kukatwa vimepigwa brashi ya waya, kisha msasa namba 80, kisha dawa ya asidi ya fosforiki. Asidi hiyo inaoshwa na kukaushwa vizuri. Epoksi (praima ya kukinga bati tupu) haipendi mabaki ya asidi, na ikipakwa juu yake inaweza kubaki laini chini.

Jioni ya siku ya 6: epoksi mikono miwili (matabaka mawili) kwenye bati tupu lote, saa moja kati ya mkono na mkono. Wengi hapa huanza na puti juu ya bati tupu, na inashika vizuri kama bati ni kavu na limekwaruzwa kwa namba 80. Sisi tumeanza na epoksi kwa sababu puti hunyonya maji, na gari hili litarudi kwenye chumvi.

Siku ya 7 na 8. Puti

Epoksi imekwaruzwa kwanza. Puti ya poliesta: gramu 100 kwa gramu 2 za hadina. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Kukisia kwa jicho kunaleta makosa ya aina mbili. Hadina ikipungua, puti inabaki laini katikati na kuziba msasa. Ikizidi, peroksaidi (kemikali iliyomo kwenye hadina) iliyobaki hupanda polepole hadi kwenye rangi, na miezi michache baadaye doa la manjano linatokea juu ya paneli iliyotoka ikimeta. Fundi huona puti inaganda haraka akafurahi. Doa atalikuta mwenye gari.

Kwa joto la mchana la hapa muda wa kuifanyia kazi ni dakika 4 hivi, basi huchanganywa kidogo kidogo, kiasi cha yai. Changanya kwa kukandamiza, si kwa kukoroga, hewa isiingie. Viputo vya hewa ndivyo vijitundu unavyovikuta baada ya msasa. Unene wa mwisho popote ni chini ya milimita 3. Bati lililobonyea zaidi ya hapo linyooshwe kwa nyundo na dolly (kipande cha chuma kinachoshikwa nyuma ya bati).

Msasa mkavu kwenye kibao cha sentimita 30: namba 80 kutafuta umbo, 120, 180, kisha 240 kwenye kingo. Kamwe si mkono mtupu, vidole huchimba mifereji. Na kamwe si maji juu ya puti. Maji yakiingia humo hayatoki, yanakuja kusukuma rangi juu kwa malengelenge jua likiwaka. Umbo linapimwa kwa kiganja kilichovaa soksi, macho yamefumbwa, mkono ukisafiri kutoka kwenye bati zima hadi bati zima.

Siku ya 9. Msasa wa gari zima

Mlango wa duko umevuliwa hadi bati kwa namba 80 na kupata epoksi yake. Paneli nyingine zenye rangi ya kiwandani iliyoshika vizuri zimepigwa 240 na 320 kavu hadi mng'ao wote ukaisha. Hakuna haja ya kuing'oa rangi ya kiwandani iliyoshika, huo ndio msingi bora kuliko wote tutakaoweza kuweka. Mahali laka ya zamani ilipokuwa ikibanduka (paa na boneti, jua la miaka) kingo zake zimesuguliwa hadi ukucha haukwami.

Bampa za plastiki zimeoshwa tena kwa maji ya moto na kukwaruzwa kwa sponji ya msasa laini.

Siku ya 10. Praima, na macho ya samaki

Praima ya 2K ya kujaza: sehemu 4 kwa 1 ya hadina, thina asilimia 15. Bunduki ya mdomo wa milimita 1.7, presha baa 2 ikipimwa kwenye mpini huku kifyatulio kimebonyezwa. Mikono mitatu, dakika 10 katikati. Tangi la kompresa limefunguliwa maji asubuhi na kimetoka karibu kikombe cha chai. Maji hayo yangekuja kupitia kwenye bunduki.

Saa 6 mchana gari lilikuwa limesukumwa juani ili epoksi ya mlango ipate joto. Saa 8 likarudishwa ndani, likafutwa, praima ikaanza. Mkono wa kwanza haukufika dakika mbili: juu kidogo ya ukingo wa chini wa mlango wa buti, mstari wa sentimita 40, praima ilijitenga ikaacha vishimo vya mviringo, bati likichungulia katikati ya kila kimoja. Macho ya samaki. Paneli nyingine zote ziko sawa.

Tumemaliza zile nyingine na kuuacha mlango wa buti ukauke ulivyo. Kuongeza mkono wa pili juu ya macho ya samaki ni kuyazika yakiwa hai.

Siku ya 11. Mafuta yalikotoka

Bunduki haikuwa na kosa, kwa sababu kosa la bunduki au la kompresa lingesambaa gari zima. Mstari ulifuata mkunjo wa bati, yaani pale bati la nje la mlango linapokunjwa kulikumbatia bati la ndani. Matundu ya kutolea maji chini ya mlango yalikuwa yamezibwa na tope la mawese na vumbi. Dumu linalovuja hulowesha sakafu, mlango ukifungwa mafuta yanapanda kwenye mkunjo, yanaganda humo. Siku ya 2 tuliosha asubuhi, bati likiwa baridi, na maji yakatanda kwa sababu juu palikuwa safi kweli. Juani bati la fedha lilipita nyuzi 35 bila shida, mafuta yakayeyuka, yakatambaa nje kupitia ufa ambao jicho haliuoni.

Kilichofanyika, kwa mpangilio huu: praima yote ya mlango wa buti imesuguliwa ikatoka. Matundu yamezibuliwa kwa waya. Mlango umewekwa wima, mkunjo ukapashwa kwa mashine ya hewa moto hadi kiganja hakivumilii, mafuta yakatiririka, mekundu kabisa. Dawa ya kuondoa mafuta imeingizwa kwenye mkunjo kwa bomba la sindano, ikapulizwa kwa hewa, ikafutwa. Pasha, ingiza, puliza, futa. Mara ya tano kitambaa cheupe kilibaki cheupe. Halafu mlango ukaachwa juani saa tatu kwa makusudi, ukafutwa tena. Cheupe.

Yapo matone ya dawa ya macho ya samaki yanayochanganywa kwenye rangi. Hayo ni silikoni. Yanafanya kazi kwa kuifanya rangi yote iwe na kilekile kinacholeta tatizo, na bunduki iliyopitisha matone hayo inaweza kuchafua kazi ya gari linalofuata. Hatuyaweki. Kwa sababu hiyohiyo, dawa ya kung'arisha dashibodi na matairi haifunguliwi ndani ya gereji hadi gari liondoke.

Saa 10 jioni mlango wa buti umepata praima mikono mitatu. Safi. Mkunjo umezibwa kwa silanti (gundi ya kuzibia maungio) ya polyurethane inayopakika rangi, matundu ya chini yakaachwa wazi.

Siku ya 12. Praima inakauka. Hakuna kazi.

Siku ya 13 na 14. Kusawazisha

Rangi nyeusi ya kopo imepulizwa kwa mbali, vumbi tu juu ya praima, kisha kibao na namba 320 kavu. Nyeusi inayobaki ni bonde, bati au puti inayojitokeza ni mlima. Boneti ilikuwa na bonde moja la mvua ya mawe au jiwe la barabarani, limezibwa kwa puti laini na kurudishiwa praima kidogo. Baada ya 320 ni 400, halafu msasa wa maji namba 800 kwa gari zima, maana metaliki huonyesha mkwaruzo wa 400 kama mstari mweusi ukilitazama kwa ubavu. Maji sasa yanaruhusiwa kwa kuwa puti yote imefunikwa.

Siku ya 15. Rangi imefika

Lita 2.2 za rangi, lita 3 za laka na lita 1.5 za hadina yake, thina ya polepole lita 4. Thina ya haraka ingekausha matone yakiwa hewani kwa joto hili, na gari lingetoka na ngozi ya sandpepa.

Rangi ilikuja katika makopo matatu. Yote yamemiminwa kwenye ndoo moja na kukorogwa pamoja. Ukipaka mlango kwa kopo la kwanza na madigadi kwa la pili, tofauti ndogo ya uchanganyaji inasimama palepale paneli zinapokutana.

Kadi ya majaribio: kipande cha bati chenye praima, rangi mikono mitatu, laka nusu yake. Imewekwa kando ya kifuniko cha tangi nje, kivulini na juani, ikitazamwa uso kwa uso kisha kwa ubavu. Uso kwa uso ni sawa. Kwa ubavu ilikuwa nyeusi kidogo, ikarekebishwa kwa mkono wa mwisho mkavu zaidi wala si kwa kuongeza rangi. Chembe za alumini hukaa kwa namna moja kwenye rangi iliyolowa sana na kwa namna nyingine kwenye mkono mkavu, na sura hubadilika. Ndiyo sababu watu wawili wenye ndoo moja hutoa fedha mbili.

Siku ya 16. Kufunika. Karatasi ya kaki na tepu ya karatasi. Gazeti limekataliwa, linaacha nyuzi na wino wake huyeyuka kwa thina. Nailoni imetumika kwenye matairi tu, maana rangi kavu hubanduka juu yake na kurukia laka mbichi. Kuta za mabati zimemwagiwa maji zikafagiwa.

Siku ya 17. Rangi na laka

Ratiba yote imepangwa kuukwepa upepo wa ziwani unaokuja mchana na vumbi lake. Usiku nao haufai, taa huita wadudu na laka mbichi ni gundi.

Saa 1 asubuhi sakafu imelowanishwa. Gari limefutwa kwa dawa, vitambaa viwili kama siku ya 2, likasubiri hadi bati lisiwe na ubaridi wa usiku, kwa sababu bati baridi hukusanya unyevu usioonekana. Bampa zimepata praima ya plastiki, mkono mmoja mwembamba. Zimetundikwa wima katika mkao uleule zitakaokuwa nao garini. Bampa iliyopakwa ikiwa imelala chini hutoka na fedha nyingine.

Kinga: barakoa ya nusu uso yenye vichujio vya mkaa na vya vumbi, glavu, miwani, ovaroli, mikono mirefu. Hadina za 2K zina isosayaneti. Hazikuonyi kwa harufu, na mtu akishapata mzio wake kifua kinaweza kumbana hata kwa kiasi kidogo sana. Kitambaa cha pua na barakoa ya hospitali havizuii mvuke huu.

Saa 2. Rangi na thina 1 kwa 1, imechujwa. Mdomo wa milimita 1.3, baa 2, umbali wa sentimita 15 hadi 20, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Paa kwanza, kisha upande wa kulia, buti, kushoto, boneti mwisho, bampa baadaye. Mkono wa kwanza mwepesi, wa pili wa kufunika, dakika 15 katikati, hadi mng'ao wa maji uishe pote. Baada yake mkono wa kusawazisha: umbali sentimita 25 hadi 30, presha imeshushwa, mwendo wa haraka, ili mawingu (mabaka ya fedha isiyolingana) yavunjike. Mawingu yaliyokuwa kwenye mlango wa mbele kulia yameondoka kwa mkono huo. Yasingeondoka kwa laka. Laka huyafungia ndani.

Punje mbili za vumbi kwenye boneti ziliguswa kwa namba 1000 na kurudishiwa rangi. Metaliki iliyosuguliwa isiachwe bila rangi juu yake, laka ikipita inaonyesha doa la kijivu.

Saa 4 na robo. Laka 2 kwa 1 na hadina, thina asilimia 5, ikichanganywa kwa mafungu matatu kwa kuwa joto linaiharakisha kopo likiwa wazi. Mkono wa kwanza wa wastani. Dakika 12. Kipimo kinafanyika kwenye tepu, si kwenye gari: kidole kinanata bila kuvuta nyuzi. Mkono wa pili uliolowa. Umeme ulikatika katikati ya upande wa kushoto, na tangi la lita 100 lilitosha paneli moja tu. Jenereta iliwashwa ndani ya dakika nne. Mtu alipokazana kufidia muda, mlango wa nyuma kushoto ukapata mchirizi chini ya kitasa.

Saa 5 na nusu kazi imesimama. Tepu zimevutwa dakika 25 baadaye, zikigeuziwa nyuma, laka ikiwa bado inanyumbuka. Zikiachwa hadi kesho yake hukatika na meno.

Siku ya 18. Orodha ya kasoro

Mchirizi mmoja, sentimita 6, mlango wa nyuma kushoto. Ganda la chungwa (uso wa laka wenye vishimo kama ganda hilo) katikati ya paa, pale mpigaji alipofikia kutoka kila upande kwa kunyoosha mkono kupita kiasi. Kitu kirefu zaidi cha kusimamia kingelizuia. Punje za vumbi zipatazo ishirini, nyingi boneti. Mlango wa buti hauna hata jicho moja. Leo hakuna kinachoguswa, laka ni laini.

Siku ya 21 na 22. Kung'arisha

Mchirizi umekwanguliwa kwa wembe ulioshikwa wima, kisha 1000 kwenye kijiti kigumu kidogo, sehemu iliyoinuka peke yake. Paa, boneti na punje: 1500, 2000, 3000, kwa maji yenye tone la sabuni. Mikono miwili ya laka ikikauka ina mikroni 50 hadi 60 hivi, na usuguaji huu unakula kati ya 5 na 10, kwa hiyo hakuna nafasi ya kurudia mara tatu. Kingo na mikunjo zimefunikwa tepu kabla ya mashine. Hapo laka ni nyembamba na pedi ya mashine hupita hadi kwenye rangi kwa sekunde. Mashine ya mzunguko, mizunguko 1500 kwa dakika, pedi isisimame mahali pamoja, kampaundi (dawa ya kung'arishia) isikauke. Kampaundi isiyo na silikoni.

Siku ya 23. Kufunga na kukabidhi

Vitu vimerudi. Sakafu ya buti imepata epoksi, silanti kwenye maungio na rangi nyeusi ngumu. Zulia la zamani limetupwa. Mahali pake limewekwa turubai nene lenye kingo zilizoinuka, linalotolewa nje na kuoshwa.

Maelekezo aliyopewa mwenye gari: wiki ya kwanza maji matupu. Mwezi mzima bila nta wala polishi, laka bado inatoa thina. Kinyesi cha ndege kiondolewe siku hiyohiyo, na gari lisilale chini ya mwembe. Dumu likivuja, maji ya moto na sabuni siku hiyo, na matundu manne ya chini ya mlango wa buti yachokonolewe kwa kijiti kila mwezi.

Bado: nta ya kupuliza ndani ya madigadi ya nyuma kulia haijafika kutoka Mwanza. Gari lirudi ikifika, kabla ya mvua za Oktoba.